Mafuta Yasiyokohoza

Kijijini kwetu Lithari mtu hapimwi kwa nyumba wala kwa gari. Anapimwa kwa kikohozi. Mwezi wa Novemba, zeituni zikishapondwa na mafuta mapya yakianza kutiririka, Bi Garifalia mwenye kinu hubanika vipande vya mkate juu ya jiko la kuni lililo kando ya mlango, na kila aliyepo huchovya. Mafuta mazuri yananukia majani mabichi, yana uchungu kwenye ulimi, kisha yakifika kooni yanachoma kama pilipili na mlaji anakohoa. Akikohoa mara moja, mwenye mafuta hutabasamu. Akikohoa mpaka akatafuta pa kushika, mwenye mafuta huwaagizia watu wote raki, ile pombe kali ya zabibu. Na wasipokohoa, huanza kuzungumzia hali ya hewa.

Manusos Vardakis aliyajua haya tangu hajajua kutembea. Ndiyo maana siku ile walipoyaonja mafuta yake, na Bi Garifalia akatafuna kimya, akameza kimya, kisha akasema, "Naona upepo umegeuka, sijui kama itanyesha," Manusos alichukua kofia yake akatoka nje.

Huyu Manusos lazima tumjue kidogo, maana ukaidi wa mtu hauelezeki mpaka ujue ulikoanzia.

Alizaliwa wakati Lithari ilikuwa na chemchemi moja tu, chini bondeni, na punda wengi wenye kinyongo. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Bi Hrisi, akabaki na mtoto mmoja, punda mmoja na shamba la mizeituni lisilojua maji ila ya mvua. Nyumbani kwao maji ya kuoshea vyombo hayakumwagwa. Bi Hrisi aliyabeba kwenye beseni la bati mpaka kwenye mzeituni ulio kando ya lango, akayamimina shinani polepole, huku akisema na mti kama anavyosema na mgonjwa.

"Mti hausemi, mwanangu," alikuwa akimwambia Manusos. "Lakini kiu yake utaiona. Usiupite."

Kiangazi kimoja kilikuwa kikali mno, hata chemchemi ikabaki matope. Bi Hrisi alikuwa amepanda miche nyuma ya nyumba, na miche ile ikakauka mmoja baada ya mwingine. Manusos alimkuta mama yake amekaa juu ya ukuta wa mawe, analia bila kujificha. Hakuwahi kumwona akilia hivyo, hata siku ya mazishi ya baba. Akaapa palepale, kwa kiapo cha mtoto: nikiwa mkubwa, hakuna mti wangu utakaoona kiu. Watoto wengi huapa hivyo wakasahau. Huyu hakusahau, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Alikwenda Iraklio, mji mkuu wa kisiwa chetu, akajifunza ufundi bomba. Kwa miaka mingi hakukuwa na mtaa mjini ambako hakuwahi kuingiza kichwa chini ya sinki la mtu. Akamwoa Aristea, binti wa hapahapa Lithari, mwanamke mwenye mwili mdogo na ulimi mkubwa. Walipata mtoto mmoja, Stratis, wakamlea kama yai. Stratis sasa ameanza kuota mvi, anakaa Athene, na mpaka leo hutuma nguo chafu kwa meli ili mama yake azifue.

Kisha serikali ikajenga bwawa mlimani, juu kidogo ya kijiji, na wajenzi wakatafuta fundi anayeijua ardhi ya kwetu. Wakampata Manusos. Mabomba makuu ya Lithari aliyatandaza yeye, na hata leo ukisimama naye barabarani atakuonyesha kwa kidole mahali yanapopita chini ya lami, kama mtu anayekuonyesha makaburi ya ukoo. Sehemu moja tu haikupata maji: mteremko wa mawe ulio juu ya bwawa lenyewe, ambako shemeji yake Polihronis, kaka wa Aristea, ana mizeituni yake. Polihronis alimwomba, akambembeleza, akamletea na jibini.

"Shemeji," Manusos alimjibu, "maji hayapandi mlima kwa kuombwa."

Jibini alikula.

Siku maji yalipofika shambani kwake, Manusos alifungua koki akavua kofia. Akasimama akiyasikiliza yakikimbia ndani ya mipira myeusi aliyoilaza mstari kwa mstari, kisha yakidondoka tone kwa tone kwenye kila shina. Mama yake alikuwa ameshafariki. Alilia kidogo, akajifuta machozi kwa kofia, akaongeza presha.

Tangu hapo mizeituni ya Manusos ilikunywa kuliko wanaume wa Lithari kwenye sikukuu ya Mtakatifu Mina. Ilikunywa masika, ilikunywa kiangazi, ilikunywa mpaka jioni ya kuamkia mavuno. Na ilipendeza, tusimnyime haki yake. Zeituni za kwetu ni ndogo, punje tu, mgeni hudhani hazijakua. Za Manusos zilinenepa, zikang'aa. Alipozimwaga uani kwa Bi Garifalia watu waliacha magunia yao wakaja kuzitazama.

"Manusos, hizi zeituni au tende?"

"Wewe unazipa nini, bwana? Maziwa?"

"Upendo tu," alisema Manusos, akijifanya mnyenyekevu, jambo asiloliweza.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na huyu wa kwetu aliyatia kwelikweli, kwa bomba la inchi mbili. Bi Garifalia peke yake hakusifu. Alibinya punje moja, maji yakamrukia kwenye miwani.

"Manusos," alisema akijifuta, "zeituni si tikiti maji."

Hakusikilizwa. Zeituni zile zikapondwa, na rojo lake likatoka limelowa, linateleza kama uji wa mgonjwa. Mafuta yalijificha humo ndani, hayataki kutengana na maji. Bi Garifalia alilizungusha na kulizungusha mpaka wa nyuma kwenye foleni wakaanza kunung'unika. Hatimaye mafuta yakatoka, ya manjano, mapole, laini. Mkate ukachovywa. Na hapo ndipo upepo ulipogeuka.

Mwaka wa kwanza Manusos alilaumu mashine. Wa pili alilaumu mkate, kwamba ulikuwa na ukoko mnene. Wa tatu hakupata wa kumlaumu, kwa sababu aliporudi kutoka kinuni alikuta debe la mafuta jikoni kwake, kando ya jiko, na debe halikuwa lake.

"Hili la nani?"

"La Polihronis," alisema Aristea bila kuinua macho kwenye sufuria ya maharage.

"Amelisahau?"

"Hajalisahau. Nimemwomba."

Manusos alikaa chini. Nyumba yenye mizeituni kupikia mafuta ya nyumba nyingine! Kwetu, afadhali uonekane kanisani bila suruali.

"Aristea, unataka kunizika mzima mzima?"

"Nataka kupika, mume wangu. Mafuta yako nikiyatia kwenye maharage, maharage yenyewe hayajui kama yametiwa kitu. Tena yakifika Pasaka yanachacha. Mwaka jana nilikula saladi nikadhani nimelamba rangi ya mlango."

"Kwa hiyo yangu utayafanya nini? Utayamwaga?"

"Toba! Mafuta hayamwagwi." Aristea akaelekeza mwiko ukutani, kwenye picha ya Mtakatifu Mina na kandili ndogo nyekundu inayowaka mbele yake usiku na mchana. "Yatawaka pale. Mtakatifu hana koo."

Kama kuna mtu aliyewahi kumtukana mkulima wa zeituni vibaya kuliko hivyo, sisi hatujamsikia. Mafuta ya kandili ni yale ya zeituni zilizooza chini, yale unayowapa watakatifu kwa sababu hawarudishi. Na juu ya hayo, Jumapili Polihronis mwenyewe akaja kula, na masharubu yake meupe na mdomo wake usio na breki.

"Shemeji, leo nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Kwa kuninyima bomba. Ungenivutia maji kule juu, leo na mimi ningekuwa namlisha Mtakatifu."

Aristea alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Manusos aliinamia sahani yake akala maharage yale yenye mafuta ya shemeji, na la kuudhi zaidi ni kwamba yalikuwa matamu. Akakohoa mara mbili.

"Mfupa," alisema.

"Mfupa?" aliuliza Polihronis. "Kwenye maharage?"

Kesho yake Manusos alikwenda kinuni. Mashine zilikuwa zimezimwa, Bi Garifalia anapiga deki. Hakumuuliza kimemleta nini. Alikausha mikono, akatoa vikombe viwili vidogo vya kioo cha buluu, vile vinavyoficha rangi ili jicho lisiudanganye ulimi, akamimina kidogo katika kila kimoja.

"Onja hiki."

Manusos alionja. Uchungu, kisha moto kooni, kisha kikohozi. Hakuhitaji kuambiwa ni ya nani.

"Sasa hiki."

Akaonja. Akangoja. Akaonja tena.

"Yana ladha ya nini?" Bi Garifalia aliuliza.

"Ya mafuta."

"Mafuta ya nini?"

Manusos alirudisha kikombe. Angekuwa mtu mwingine angesema hata mafuta ya baiskeli, lakini hakuwa na moyo wa utani siku ile. Alikuwa anaona aibu, na aibu ya mtu mzima ni nzito.

"Sikiliza," alisema Bi Garifalia, akavuta kiti. "Ule uchungu na ule ukali mti hautuwekei sisi. Unajiwekea wenyewe. Jua likiwaka na udongo ukikauka kidogo, mti unajihami, na hiyo dawa yake ya kujihami ndiyo inayotukohoza sisi. Ndiyo hiyohiyo inayofanya mafuta yakae mwaka mzima bila kuchacha. Sasa miti yako asubuhi maji, jioni maji. Ijihami na nini? Halafu hicho kidogo kilichomo, nikija kuziponda zeituni zako zilizojaa maji, kinaondoka na maji. Mimi nabaki nakuzungushia uji."

Manusos huizungumzia mizeituni yake kama watu. "Kwa hiyo niwafungie maji? Niwaue?"

"Nani kasema uwaue? Hata shemeji yako, mwaka wa ukame mkali zeituni zake hunyauka, na mafuta yake unakuwa kama unatafuna ubao. Anajua, ila hasemi. Mimi nimesema kiu, sikusema kifo. Maua yakitoka, wape. Punje zikishika, wape. Kokwa likishakuwa gumu, punguza. Wape cha kuwafanya wasinyauke, basi. Na mwezi mzima kabla ya kuvuna, mkono wako usiguse koki."

"Bi Garifalia, mimi niliapa."

"Uliapa ukiwa na umri gani?"

"Sikuwa na meno ya mbele."

"Meno yakaota mengine," alisema Bi Garifalia, akachukua dekio lake. "Ota na kiapo kingine."

Manusos alipomweleza mkewe, Aristea alisikiliza mpaka mwisho, jambo la kukumbukwa.

"Ndivyo tulivyomlea Stratis," alisema.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, na Aristea alikuwa analia kila meli ikitia nanga na mabegi ya nguo. Hakuhitaji maelezo zaidi. Manusos aliunda kisanduku cha chuma juu ya koki ya shamba, akakitia kufuli, na ufunguo akampa mkewe. Aristea aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake.

"Nitasema ukweli," alimwambia. "Maji ni yako, miti ni yako. Lakini mavuno yajayo mafuta yasipokohoza, debe la Polihronis halitoki tena jikoni kwangu. Nitapatana naye mara moja tu, siwezi kila mwaka kumwomba kaka yangu kama yatima. Mtazoea tu, wewe na Mtakatifu."

Ndivyo mambo yalivyowekwa. Mtu aliyetandaza mabomba ya kijiji kizima akawa hana ruhusa ya kufungua koki yake mwenyewe.

Masika yalipita salama. Maua yakatoka, Aristea akafungua. Punje zikashika, akafungua. Lakini kokwa zilipokuwa ngumu na jua likakaa juu ya Lithari kama sufuria iliyosahaulika motoni, Aristea akaanza kufungua kidogo sana, mara mojamoja, kisha akifunga anatikisa kufuli kuhakikisha. Mkahawani walishagundua.

"Manusos, mipira yako mikavu. Bomba limeziba?"

"Tukuitie fundi? Kuna mmoja namjua, mzuri, ila mkewe ndiye anamshikia funguo."

Alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa halali vizuri. Kila asubuhi alikwenda shambani akapita mstari kwa mstari. Majani yalikuwa yamepoteza ule mng'ao, mengine yamejikunja kidogo pembeni. Punje zilikuwa ndogo kama za baba yake. Aliushika udongo, ukamwagika vidoleni kama unga. Aliogopa, tusifiche. Aliogopa kama alivyoogopa siku ile alipomkuta mama yake juu ya ukuta. Na kila alipogeuka kurudi nyumbani aliisikia sauti yake: usiupite.

Mchana mmoja Aristea aliingia jikoni akakuta beseni la bati halipo msumarini. Lilikuwa beseni la Bi Hrisi, limezibwa matundu kwa risasi iliyoyeyushwa mahali pawili, na halikuwa na kazi yoyote siku hizi ila kutundikwa. Akatoka taratibu. Nyuma ya ukuta wa langoni akamkuta Manusos amechuchumaa, anamimina maji kwenye shina la ule mzeituni wa zamani, akitazama barabarani kama mwizi wa kuku.

"Manusos Vardakis!"

Nusu ya maji ikaingia kwenye kiatu. "Ni maji ya vyombo tu!"

"Vyombo bado sijaviosha."

Manusos aliinuka. Aliweka beseni chini, akakaa juu ya ukuta, kiatu kimoja kinatoa maji.

"Ni huu mmoja tu," alisema. "Huu ni wa mama. Wengine nimewapita, Aristea. Kila siku nawapita. Huu siwezi."

Aristea alikuwa na jibu tayari, maana hakosi jibu. Akalimeza. Alimjua vizuri Bi Hrisi. Ndiye aliyemfundisha kuoka mkate, na hakuwahi kumwonea hata siku moja. Akakaa naye ukutani, akamwondolea jani kwenye kola.

"Huu mmoja sawa," alisema. "Ila zeituni zake haziendi kinuni. Tutazitia chumvi tuzile wenyewe."

"Na wale wengine?"

"Wale wengine, hata ukija na machozi ya damu."

"Wananitazama."

"Waache wakutazame. Stratis naye alinitazama hivyohivyo, nikamfulia."

Basi kila siku, vyombo vikishaoshwa kweli, beseni lilikwenda langoni. Wakati mwingine lilibebwa na Aristea, Manusos akiwa hayupo, na hilo hakumwambia mtu.

Oktoba mawingu yakaanza kujikusanya. Wenye mboga na wenye mbuzi walikuwa wanaomba mvua, na padri akatangaza ibada maalumu. Kijiji kizima kikaenda. Manusos naye alikwenda, asije akaitwa mpagani, lakini alibaki mlangoni, asije akaitikia amina kwa bahati mbaya. Mara ya kwanza maishani mwake alilitazama wingu akaliambia lipite. Likapita, au tuseme lilidondosha matone machache yasiyolowesha kofia, likaenda kunyesha upande wa pili wa mlima. Wenye mbuzi walisikitika. Manusos alinunua mshumaa mrefu kuliko kawaida.

Wakavuna. Nyavu zilizotandazwa chini ya miti zilijaa nusu tu ya zamani. Alipozimwaga zeituni zake uani kwa kinu hakuna aliyekuja kuzitazama. Zilikuwa ndogo, kijani iliyoanza kupiga zambarau, ngumu. Polihronis, aliyekuja na mzigo wake siku hiyohiyo, alichukua moja akaibinya, akasubiri maji, hayakuja.

"Pole, shemeji," alisema, na safari hii hakuwa anatania. "Bila wewe mimi nitamcheka nani?"

Bi Garifalia alipita, akasugua punje chache kiganjani, akanusa. Kisha alikwenda kwenye jiko la kuni akaongeza gogo, akakata mkate mwingine mzima.

Aristea alikuja. Hakuwa amekanyaga kinuni kwa ajili ya mafuta ya mumewe tangu yaanze kuonewa huruma. Alisimama karibu na mlango amejifunga kitambaa chake cheusi, ufunguo ungali shingoni.

Zeituni zikapondwa. Rojo lilitoka zito, linang'aa, na kabla hata mafuta hayajaonekana harufu ilijaa chumba: majani yaliyosagwa, nyasi zilizokatwa. Waliokuwa nje wanavuta sigara wakazitupa wakaingia. Kisha yakaanza kutiririka, kijani kama majani yenyewe. Manusos alikuwa ameshika mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

Polihronis ndiye aliyetangulia. Akachovya mkate wa moto, akautia wote mdomoni, akamkonyeza mtu wa pembeni yake.

"Naona upepo ume—"

Haikufika mwisho. Kikohozi kilimtoka cha kwanza, cha pili, kofia ikaanguka, akashika ukingo wa mashine, uso mwekundu, masharubu yanatetemeka. Bi Garifalia akaonja, akajifunika uso kwa aproni, mabega yakaruka. Yule fundi wa mashine akakohoa, mwenye mbuzi akakohoa, na kinu kizima kikawa kama wodi ya kifua, watu wanakohoa na kucheka na kupigana mgongoni.

Manusos hakuwatazama. Alikuwa anamtazama mkewe.

Aristea alikata kipande kidogo cha mkate, bila haraka. Akakichovya. Akakitia mdomoni, akafumba macho, akatafuna. Akameza. Hakukohoa. Alifumbua macho akamtazama Manusos, uso hausemi kitu, na Manusos akaubana mkanda zaidi.

"Mm," alisema Aristea. "Si—"

Hapo yakamfika. Alikohoa kutoka tumboni, akainama, akakohoa tena, kitambaa kikateleza, machozi yakamtiririka mashavuni. Alipopata pumzi alimpiga mumewe ngumi ya kifuani.

"Muuaji mkubwa wewe!" alisema. "Unataka kunizika mzima mzima?"

Manusos alitaka kucheka, akajikuta analia.

"Ni mafuta," alisema, akijifuta kwa kofia.

"Najua," alisema Aristea. "Hata machozi yangu ni mafuta."

Manusos akawaagizia raki watu wote, na Polihronis akanywa mara mbili kwa sababu ya koo.

Nyumbani, jambo la kwanza Aristea alilofanya lilikuwa kulichukua debe la kaka yake kando ya jiko na kumkabidhi Polihronis mwenyewe, aliyekuwa amewafuata. "Peleka kwako. Mshukuru Mungu umepata dada anayerudisha vyombo." La Manusos likakaa mahali pake pa zamani. Kisha akapanda kigoda, akashusha kandili ya Mtakatifu Mina, akaifuta kwa kitambaa safi, akaijaza kijani ile mpya.

"Si ulisema hana koo?" aliuliza Manusos.

"Miaka yote hii hajalalamika," alisema Aristea, akiwasha utambi. "Leo naye akohoe."

Alipomaliza, akajaza kichupa kidogo, akakiziba, akamtia mumewe mkononi. "Hiki cha mama. Mwambie miti yake imeona kiu, na haikufa."

Manusos alikwenda makaburini kwa miguu, jua likiwa bado juu. Akafungua kijumba cha kioo kilicho juu ya kaburi la Bi Hrisi, akaijaza taa yake, akaiwasha, akamweleza yote, kuanzia koki mpaka beseni, bila kujitetea. Kidole kilikuwa kimelowa mafuta. Akakilamba bila kufikiri, na yakamshika hapohapo, akakohoa peke yake katikati ya makaburi mpaka padri, aliyekuwa akipita njiani, akasimama getini.

"Manusos, mwanangu, unaumwa?"

"Siumwi, Padri," alisema Manusos alipoweza kusema. "Nimepona."